Njaa Yenye Jina

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii husemwa msibani, husemwa kwenye usuluhishi wa ndoa na kwenye vikao vya vyama, na siku hizi inazunguka kwenye simu zetu ikiwa imevaa nguo mpya: achilia, songa mbele, ishi leo. Wahubiri wanaisema bure, wahamasishaji wanaikatia tiketi. Mara nyingi inatosha, maana ugomvi wa mpaka wa shamba uliokwisha kuamuliwa haustahili kukaliwa kikao kila mwaka. Lakini methali hiyo inaanza kwa kudai jambo ambalo bado halijathibitishwa, kwamba yaliyopita hayana ugonjwa ndani yake. Je, yakiwa bado ni ndwele? Mtu anayetetemeka kila asikiapo breki za lori, miaka kumi baada ya ajali, hajakataa kuishi leo. Leo yake imevamiwa. Kwa huyo, kuambiwa asahau ni sawa na kuambiwa apone. Ninachodai hapa ni kwamba jambo chungu haliondoki kwa kusahauliwa wala kwa kutimuliwa akilini. Linalegea pale linapopewa tarehe yake, mahali pake na mashahidi wake, hadi likubali kuwa la zamani. Ushahidi wa kwanza nautafuta Ugogo, katika nyanda kame za Tanzania ya kati, kwa watu ambao hakuna aliyewafundisha saikolojia.

Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ilipita katika njaa ambayo wenyewe waliiita Mtunya. Chanzo chake hakikuwa mawingu peke yake. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeikanyaga nchi hiyo kutoka pande zote mbili. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha majeshi ya Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, yalipoiteka Kondoa Aprili 1916 na kuingia Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huohuo, Waingereza nao wakachukua walichokikuta kimesalia, watu wakiwemo. Nchi inayopata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu zote zikinyesha kati ya Desemba na Aprili, haiwezi kupokonywa wapaliliaji na mifugo yake ikabaki salama. Mvua zilipokosekana, vihenge vilikuwa vitupu na zizini hamkuwa na ng'ombe wa kubadilishana na mtama. Wapo waliowaweka watoto wao rehani kwa wenye nafaka. Mafua makali yaliyozunguka dunia mwaka 1918 yakawakuta watu wamekwisha kudhoofika. Makadirio ya wakati wa utawala wa Waingereza yanataja vifo 30,000 katika watu 150,000, yaani mmoja katika kila watano. Hesabu za namna hiyo ni za kukisia, lakini hata ukizipunguza nusu, hapakuwa na ukoo ambao haukuzika.

Baadaye njaa hiyo ikaingizwa kwenye kalenda. Wagogo walikuwa na desturi ya kuzipa njaa zao majina, na mwanajiografia Clarke Brooke, alipochapisha mwaka 1967 makala yake kuhusu urithi wa njaa katika Tanzania ya kati, alikuwa na mfululizo mrefu wa majina ya kushughulika nayo. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa aliweza kueleza umri wake kwa njaa: kazaliwa kabla ya ile, kaoa baada ya hii. Mathias Mnyampala, mshairi na mwandishi wa historia ya Wagogo, alizaliwa mwaka 1917, na kwa hesabu ya kijijini ingetosha kusema ni wa mwanzo wa Mtunya. Itazame kwa karibu sentensi ya aina hiyo. Bibi mmoja wa kufikirika anasema, “Dada yangu aliolewa mwaka wa pili baada ya Mtunya.” Ametamka jina la njaa iliyommalizia wazazi, lakini anazungumzia harusi. Kigingi kilichomchoma ndicho anachofungia kumbukumbu nyingine, na zipo za furaha. Halii, wala hajasahau. Kama angekuwa amesahau, asingejua dada yake aliolewa lini.

Sidai kwamba walioipa njaa jina walikusudia tiba. Majina yalikuwa na kazi nyingine za wazi: kuhesabu miaka, kuamua nani mkubwa kwa nani, kukumbushana nani alimsaidia nani na deni la ng'ombe lilianzia wapi. Inawezekana kabisa kwamba wapo waliolitamka jina hilo maisha yao yote huku usiku wakiota watoto waliowazika. Ninachosema ni kidogo zaidi. Jina la pamoja lilifanya tukio liwe na mwanzo na mwisho. Ukisema “baada ya Mtunya” umekwisha kukiri, bila kujilazimisha, kwamba lipo baada.

Utafiti wa majeraha ya nafsi ulifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwaka 2000 Anke Ehlers na David Clark, watafiti waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, walieleza kwamba mateso ya mtu aliyepatwa na tukio la kutisha hayaishi kwa sababu anahisi hatari ingali hapo, sasa hivi. Kumbukumbu ya kawaida huja na wakati wake: ilikuwa Ijumaa, tulikuwa Mpwapwa, nilikuwa darasa la sita. Kumbukumbu ya jeraha huja uchi. Harufu, mlio, rangi ya shati vinarudi vikiwa vibichi, moyo unaenda mbio kama siku ile, na akili haina pa kusomea kwamba siku ile imepita miaka 15. Tunamsema mtu kama huyo kwamba anaishi zamani, kumbe kinachomsumbua ni zamani isiyokubali kuwa zamani. Ndiyo maana wito wa kuishi wakati uliopo unaweza kumkera badala ya kumsaidia: hapo alipo ndipo panapowaka.

Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, lilijenga tiba juu ya wazo hilo na kuijaribu katika makambi ya wakimbizi hapa Afrika Mashariki. Katika utaratibu wake uliozoeleka leo, vifaa ni kamba, mawe na maua. Mgonjwa anaitandaza kamba sakafuni. Upande mmoja ni kuzaliwa kwake. Upande wa pili unaachwa umekunjwa, kwa ajili ya miaka ambayo haijafika. Palipo na furaha anaweka ua, palipo na uchungu anaweka jiwe, na ukubwa wa jiwe anauamua mwenyewe. Vikao vinavyofuata vinaifuata kamba hiyo tangu mwanzo. Wakifika kwenye jiwe wanapunguza mwendo: uliona nini, ulisikia nini, miguu ilifanyaje, na sasa unaponisimulia miguu inafanyaje? Swali hilo la mwisho ndilo lenye kazi kubwa. Linamrudisha msimuliaji kwenye kiti alichokalia, katika chumba kisicho na bunduki, huku mdomo wake ungali porini kwenye bunduki. Anashika nyakati mbili kwa pamoja na kuziona kuwa ni mbili. Mshauri anaandika, kikao kinachofuata anamsomea, naye anasahihisha: hapana, mvua ilikuwa haijaanza.

Tiba hiyo ilipojaribiwa kwa wakimbizi 43 wa Sudan katika kambi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba mwaka mmoja baadaye asilimia 29 ya walioipata walikuwa bado na dalili za kutosha kuhesabiwa wagonjwa. Kwa waliopata ushauri wa kutiwa moyo, au maelezo tu kuhusu hali yao, ilikuwa karibu asilimia 80. Watu 43 ni wachache, na mwenye tahadhari hajengi nyumba juu yao. Jaribio la Nakivale, makazi mengine ya wakimbizi nchini Uganda, lililochapishwa mwaka 2008 lilihusisha Wanyarwanda na Wasomali 277, na washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo mafupi. Huko tiba ilisaidia zaidi kuliko kuachwa bila tiba, ila ushauri wa aina nyingine uliotolewa na washauri hao uliikaribia kwa mafanikio. Ni vizuri kulisema hilo waziwazi, maana linaondoa ushirikina wa kudhani siri iko kwenye kamba. Katika njia zote mbili mtu alikaa mara kadhaa mbele ya mwenzake aliyemsikiliza bila haraka, na hakuna aliyemwagiza asahau.

Kutimua wazo kichwani, kwa upande wake, kumepimwa na hakukufua dafu. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe, mnyama ambaye kwa siku ya kawaida hakuna anayemkumbuka. Dubu akawarudia tena na tena. Kama mnyama asiye na deni na mtu yeyote anang'ang'ania hivyo, itakuwaje kwa mtoto aliyezikwa? Watetezi wa kuishi wakati uliopo watasema mafundisho yao hayakuhusu kutimua, na ni kweli kwa walimu wao makini. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo ya utulivu kwa wagonjwa wa maumivu sugu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, aliwafundisha kuyatazama maumivu na pumzi bila kupigana navyo. Mafundisho hayo yamefika kwetu yakiwa yamekatwa kichwa na miguu, kikabaki kiwiliwili cha amri: usifikirie jana. Wapo pia wanaotaja utafiti wa Killingsworth na Gilbert wa mwaka 2010, uliowaulizia watu 2,250 kupitia simu zao na kukuta akili ziko kwingine karibu asilimia 47 ya wakati, na kwamba akili inayotangatanga huwa na furaha kidogo. Matokeo hayo nayakubali. Hata hivyo, kutangatanga si kukumbuka. Anayekaa kwa makusudi kusimulia hatangatangi, na huenda ndiye aliye makini kuliko wote chumbani.

Pingamizi la kwanza linatoka shambani. Mtu wa nyanda kame, litasema, hawezi kumudu anasa ya kuishi leo. Asiyekumbuka njaa iliyopita hataiona inayokuja. Ni pingamizi zito, na Ugogo yote inalithibitisha. Uwele na mtama vilipendwa kwa sababu vinavumilia. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame au ugonjwa ukipiga hapa, kule wabaki wa kuanzia. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza kwa kirefu mitandao hiyo ya ng'ombe na ukoo. Lakini hapo kumbukumbu ya njaa imekuwa nini? Imekuwa kazi ya mikono ya leo. Anayekagua mbegu mwezi wa Novemba na kuamua apande lini anatumia maarifa ya misimu mibaya yote aliyoiona, na bado macho yake yako kwenye wingu lililo mbele yake. Umakini wa sasa umefinyangwa na yaliyopita. Aliyejeruhiwa na njaa bila kuipa mahali pake hufanya tofauti: anaficha chakula chini ya kitanda katika mwaka wa neema, au anauza kila kitu kwa hofu mvua inapochelewa wiki moja. Wote wawili wanakumbuka. Mmoja wao tu ndiye anayeliona shamba.

Pingamizi la pili ni la kisiasa, na kwangu ndilo kali zaidi. Nani hasa huambiwa aachilie? Mara chache ni mwenye nguvu. Mwaka 1971, baada ya ukame mwingine, serikali iliendesha Operesheni Dodoma, Wagogo waliozoea kukaa kwa kutawanyika, kila ukoo na tembe yake na zizi lake, wakahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda kufanya kazi pamoja na wanakijiji wa Chamwino, na nia yake ya kufikisha maji, shule na zahanati siitilii shaka. Hata hivyo wapo waliotoka kwenye makaburi ya wazee wao bila kuulizwa. Mwaka 1973 Dodoma ikatangazwa kuwa makao makuu na mamlaka ya ustawishaji ikaundwa; hadi ilipovunjwa mwaka 2017 migogoro ya viwanja ilikuwa imegeuka habari ya kila msimu wa uchaguzi. Mwenye eneo lililochukuliwa akiambiwa yaliyopita si ndwele, ana haki ya kuuliza mganga ni nani na kalipwa na nani.

Jibu langu ni kwamba pingamizi hili linaibomoa kaulimbiu ya kusahau, na hoja ya kutoa jina na tarehe linaiimarisha. Asiyetaka kuulizwa ndiye anayependa tukio libaki bila jina, kwa sababu lisilo na jina halina siku, na lisilo na siku halina mhusika. Watu wa kawaida walilijua hilo. Katika baadhi ya mikoa ya Tanzania wazee bado huhesabu miaka kwa Operesheni Sogeza, uhamishaji mwingine wa namna hiyo, na ukisikiliza vizuri, jina lenyewe lina kejeli ndani yake. Kuachilia kwa namna ninayoitetea kunaruhusu kabisa kudai fidia. Tena anayeweza kusema tarehe, eneo na majina ya mashahidi bila kusambaratika ndiye atakayesimama vizuri mbele ya baraza la ardhi. Hasira yake inabaki, ila imepata kazi ya kufanya na imeacha kumwamsha saa nane za usiku.

Pingamizi la tatu linasema mifano yangu ni ya umma. Njaa ilipata jina kwa sababu iliwakuta wote. Nani atalipa jina jeraha la binti aliyeumizwa na mjomba wake katika nyumba ambayo hadi leo mjomba huyo anakaribishwa chai? Hapa sina jibu la kutosheleza. Jina la pamoja halipo, na mashahidi ama hawakuona ama wameamua kutoona. Zaidi ya hapo, Dodoma ina Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa miaka ya 1920, na nchi nzima imeligeuza jina lake kuwa tusi la mzaha. Tukimcheka anayekwenda kutafuta msikilizaji tumemfungia mlango alioubakiza. Lakini mila za Ugogo zina jambo la kusema hata hapa. Rigby alieleza tambiko ambalo wanawake, balaa linapowaangukia mifugo, walivaa mavazi ya wanaume, wakashika kazi za wanaume, kisha wakacheza kuelekea magharibi hadi mpakani na kulitupa balaa hilo huko. (Majirani wa magharibi, bila shaka, walikuwa na maoni yao.) Waliobebeshwa kazi ya kuondoa baya hawakuambiwa walifikirie kwa mtazamo chanya. Walilikusanya, wakalibeba hadharani, wakatembea nalo njia inayojulikana mpaka mahali panapojulikana, na waliobaki nyumbani walijua ni siku gani limeondoka. Kinachomkosesha binti yule ahueni ni hicho hasa: baya lake halina siku, halina njia, naye hana wa kutembea naye. Msikilizaji mmoja anayeaminika ni pungufu ya kijiji, lakini Nakivale ilionyesha kwamba hata mkimbizi aliyefunzwa kwa muda mfupi anatosha kuanza.

Linabaki suala la wakati, na hapo wenye haraka ya kutibu wanaweza kuharibu kama wenye haraka ya kusahau. Mwaka 2000 Ehlers, pamoja na Mayou na Hobbs, alichapisha ufuatiliaji wa majeruhi wa ajali za barabarani Uingereza. Majeruhi waliokuwa na dalili kali mwanzoni, na wakasimulishwa katika kikao kimoja mara tu baada ya ajali, walikuwa katika hali mbaya zaidi miaka mitatu baadaye kuliko wenzao wa dalili kama hizo ambao hawakusimulishwa. Kumfukunyua mtu kabla hajawa tayari ni kumrudisha kwenye moto bila ndoo. Kwenye kamba ya Konstanz jiwe huwekwa na mwenye maisha, na msingi huo haufai kupuuzwa na ndugu, padri, shehe wala mwandishi wa habari mwenye kinasa sauti.

Kuchelewa nako kuna gharama. Historia ya Wagogo aliyoiandika Mnyampala ilitoka mwaka 1954, akiwa na takriban miaka 37. Waliokuwa watu wazima wakati wa Mtunya walikuwa wamezeeka, lakini wapo waliokuwa hai kumwambia mwandishi yeyote wa zama hizo pale alipokosea. Nafasi kama hiyo tunayo leo kwa msiba mwingine wa Dodoma. Tarehe 24 Juni 2002, eneo la Igandu, treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi mteremkoni na kuigonga treni ya mizigo. Walikufa zaidi ya watu 280. Watoto walionusurika siku ile sasa ni watu wazima, na wengi wa waliotoa miili mabehewani wangali wanaweza kusema nani alilala wapi. Anayetaka kuwauliza aanze kwa kuwauliza kama wanataka kuulizwa.